Mabegi manne, tiketi mbili: hesabu ya wanandoa waliokwenda Bangkok

Mke ana duka dogo la magauni Sinza, Dar es Salaam, na wateja wake wengi wako kwenye simu kuliko mlangoni. Mume ni mwalimu wa sekondari. Katika likizo fupi ya Septemba 2025 waliwaacha watoto kwa bibi yao, wakaenda Bangkok usiku sita. Mume alitaka kutembea. Mke alitaka mzigo. Kilichowapatanisha ni sentensi moja ambayo kila mfanyabiashara mdogo ameshaisikia: safari itajilipa yenyewe.

Wamenipa daftari lao la matumizi, wakaniruhusu niandike mradi nisiwataje. Wanataka kujua kama safari ilijilipa. Jibu langu ni kwamba haikujilipa, lakini sababu siyo zile wanazolaumiana, na naona walifaidi kuliko wanavyodhani.

Tiketi zote mbili, kwa shirika linaloruhusu kila abiria mabegi mawili ya kilo 23, ziliwagharimu shilingi milioni 4. Mkononi walikuwa na dola 2,000. Dola 600 zilikuwa za kula, kulala na kutembea, na 1,400 za mzigo. Hivyo ndivyo walivyosema mdomoni. Mfukoni zote zilikaa kwenye bahasha moja, ndani ya mkoba wa mke, na hili tutalirudia.

Karatasi hazikuwasumbua. Mtanzania anahitaji viza ya Thailand, nayo huombwa kwa mtandao. Tangu Mei 2025 kuna fomu ya kuingia nchini inayojazwa kwa mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni ya bure. Tovuti inayodai dola kwa ajili ya fomu hiyo si ya serikali. Pia kuna kadi ya manjano. Abiria anayetoka Tanzania huanza kwenye dawati la afya la uwanja wa Suvarnabhumi, na cheti chake cha chanjo hukaguliwa kabla hajasogea uhamiaji. Wapo wanaopanga foleni ndefu ya uhamiaji kwanza, kisha wanarudishwa nyuma kugonga muhuri wa afya. Hawa wawili walikuwa wameambiwa mapema na mwenzao wa Kariakoo.

Jambo la kwanza walilofanya vizuri, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuchagua pa kulala. Walichukua chumba cha baht 900 kwa usiku katika kichochoro cha Pratunam. Baht moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 78, kwa hiyo chumba ni shilingi elfu 70. Kwenye mtandao walikuwa wameona vyumba vya baht 500 pembezoni mwa jiji, na mume, kwa uchungu wa pesa, alitaka kimoja cha huko. Mke akamuuliza, "Baba, na mzigo nitaubeba kichwani mpaka huko?" Yakaisha.

Pratunam ndiyo Kariakoo ya nguo ya Bangkok. Soko la asubuhi linamwagika barabarani chini ya mnara wa Baiyoke, maduka ya jumla yamebanana hadi ndani ya vichochoro, na ng'ambo ya barabara ya Phetchaburi liko jengo la Platinum, ghorofa juu ya ghorofa za vibanda vya nguo chini ya kiyoyozi. Treni ya uwanja wa ndege ina kituo cha Ratchaprarop, umbali wa kutembea ukivuta begi, na nauli yake hata uende mwisho wa njia haizidi baht 45. Mfereji wa Saen Saep unapita hapohapo, na boti zake ndizo daladala za majini. Ukilala Pratunam unaweza kununua magauni 40 asubuhi, ukayatupa chumbani saa sita, ukatoka tena mikono mitupu. Aliyelala mbali hununua kwanza, kisha siku nzima anatembea na mifuko kama mkimbizi, au anapanda teksi mara mbili. Ile baht 400 ya tofauti ilikuwa inalipa kitu halisi.

Kula hakukuwapa shida pia. Ni Waislamu, na walidhani watakula biskuti. Kutoka Pratunam ukitembea robo saa kuelekea Ratchathewi unakuta Phetchaburi Soi 7, kichochoro chenye msikiti wa Darul Aman na mama ntilie wa halali waliojipanga mpaka mwisho. Wali wa manjano na kuku, ambao wao huuita khao mok gai na mtu wa Pwani atautambua kama binamu wa biriani, ulikuwa baht 60 hadi 70. Daftari linaonyesha kuwa siku sita za kula kwa wawili ziliwala baht 3,300.

Sasa mke dukani. Hapa ningependa wanaume wanaosindikiza wake zao sokoni wasome taratibu. Kanuni ya Pratunam ni pisi tatu: ukichukua tatu kwenye duka moja, bei inashuka kuwa ya jumla, na maduka mengi yanakubali mitindo tofauti mradi jumla itimie tatu. Muuzaji hasemi sana. Anakuandikia bei kwenye kikokotoo, anakugeuzia, nawe unaandika yako, unamrudishia. Kujaribisha mara nyingi hakuruhusiwi. Na nguo nyingi zina lebo ya saizi moja kwa wote, na hao "wote" ni Wathai. Mke alibeba futi ya fundi shingoni. Kila gauni alilolipenda alililaza juu ya meza, akapima nyonga likiwa limelala, akazidisha mara mbili, na lisilofika inchi 40 alilirudisha bila kuaga. Mume anasema aliona aibu. Mimi nasema ile futi ndiyo iliyookoa mtaji, kwa sababu gauni zuri lisilopita nyonga za mteja wa Sinza ni pambo la ukutani.

Jumanne na Jumatano alimaliza kazi yake: magauni 250 kwa wastani wa baht 180, jumla baht 45,000. Kwenye mzani wa kuning'iniza wa mwenye nyumba ya wageni, magauni kumi yalitoa kilo tatu. Mzigo wote, kilo 75.

Simama hapo kidogo, maana hesabu hii hawakuifanya wakati ule. Posho yao ya mabegi ni kilo 92. Mabegi manne makubwa yakiwa matupu yana kilo 14. Zawadi za ndugu, kilo tatu. Nguo zao wenyewe zilikaa kwenye mabegi ya mkononi. Kilichobaki kwa mzigo ni kilo 75. Jumatano jioni, bila kujua, walikuwa wamejaa. Kila baht iliyobaki kwenye bahasha ilikuwa bado inanunua, lakini ndege haikuwa na nafasi tena. Kwa mtu anayenunua nguo za bei nafuu na kuzibeba mwenyewe, kinachoisha kwanza ni kilo, na ni wachache wanaoweka kilo kwenye bajeti.

Ratiba yao ilisema Alhamisi kutembea, Ijumaa soko la Sampeng, Jumamosi soko la Chatuchak, Jumapili kufunga na kuondoka. Ratiba nzuri. Ilivunjika Alhamisi saa nne asubuhi, nje ya ukuta wa Kasri Kuu.

Walifika vizuri. Walipanda boti ya mfereji mpaka kituo cha mwisho cha Panfa Leelard, wakikaa pembeni, pale ambapo abiria ndiye anayevuta kamba ya pazia la plastiki ili maji machafu yasimrukie yeye na wenzake. Kondakta anakusanya nauli akitembea kwenye ukingo wa nje wa boti, amevaa helmeti. Mume aliniambia hiyo peke yake ilitosha kuwa utalii. Kutoka pale waliendelea kwa miguu, na walipokaribia ukuta mweupe wakakutana na mzee nadhifu mwenye Kiingereza kizuri. Akawasalimia, akauliza wanatoka wapi, kisha akasikitika: leo kasri limefungwa kwa ibada mpaka saa saba mchana. Lakini msijali, kuna bajaji pale, baht 20 tu, itawazungusha kwenye mahekalu mpaka saa hiyo ifike.

Utapeli huu una umri mrefu, na vipaza sauti vya kasri lenyewe huwaonya wageni wasiwasikilize watu wa nje. Kasri Kuu kwa kawaida hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Dereva hali kwenye zile baht 20. Anakula kwenye duka analowapeleka, linalompa kamisheni au kuponi ya mafuta. Na duka mara nyingi ni la vito. Wakaingizwa, wakapewa maji baridi, na kijana akawafungulia kisanduku cha mawe ya buluu akieleza kwamba wakinunua hapa watauza kwao mara tatu. Alipowauliza kwao ni wapi, na wakamjibu, hakusita hata kidogo. Akavuta trei nyingine: tanzanaiti.

Mtu ametoka nchi ya Mirerani, mahali pekee duniani panapochimbwa jiwe lile kibiashara, anauziwa Bangkok kwa ahadi ya kwenda kulilangua Dar. Mke alicheka mpaka muuzaji akakasirika. Hawakununua kitu. Kwa hiyo wote wawili wananihesabia Alhamisi kama siku ambayo "hatukupigwa".

Walipigwa. Mvua ya Septemba iliwanasa njiani, na walipofika tena kasri ilikuwa saa kumi alasiri. Tiketi huacha kuuzwa saa tisa na nusu.

Jioni ile waligombana, na ugomvi wenyewe uko kwenye daftari kwa mwandiko wa aina mbili. Tiketi ya Kasri Kuu ni baht 500 kwa mgeni; wawili 1,000. Mke aliandika pembeni: "magauni 5½". Alikuwa anapendekeza waliache kasri kabisa, Ijumaa waende Sampeng kama ilivyopangwa. Mume akaandika chini yake: "Sikuja kubeba." Wakaamua Ijumaa iwe ya kasri, na Sampeng ife.

Nimekwenda na hoja ya mke mpaka mwisho, nikaona haisimami. Magauni matano na nusu hayakuwa na begi la kuingia. Baht 1,000 ile haikuwa inashindana na mzigo tena; ilikuwa pesa ya matembezi, na matembezi ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho hakina uzito. Ijumaa waliona sanamu ya Budha ya Zumaridi, ambayo kwa kweli imechongwa kwa jiwe jingine la kijani na ina urefu wa sentimita 66 tu, ikiwa juu kabisa ya madhabahu, imevishwa vazi la msimu wa mvua. Mfalme huibadilisha vazi mara tatu kwa mwaka. Wakavuka barabara kwenda hekalu la Wat Pho, baht 300 kila mmoja, kumtazama Budha aliyelala mwenye urefu wa mita 46. Kisha kivuko cha sarafu chache ng'ambo ya mto Chao Phraya mpaka hekalu la Wat Arun, baht 200. Mke, ambaye asubuhi alikuwa amenuna, ndiye aliyechelewa kutoka Wat Arun. Alikuwa ameinama kwenye ngazi anaangalia vipande vya sahani za Kichina vilivyopachikwa ukutani kuwa maua, akivipiga picha kimoja kimoja. Mume anaapa alisikia akisema, "Hii ingefaa kitenge."

Hasara ya Alhamisi ilikuwa Sampeng. Kile kichochoro cha mtaa wa Wachina ndicho cha hereni, vibanio vya nywele, mikanda na vifungo kwa dazeni. Ni bidhaa zisizo na uzito wa kutisha. Mke alikuwa amezipangia zile baht 7,300 zilizobaki kwenye bahasha baada ya gharama zote. Kilo tano au sita hivi zingetosha, na wangezichomeka kwenye mabegi ya mkononi. Badala yake baht 7,300 zilifika Jumamosi zikiwa hai, kwenye soko la Chatuchak, lenye maelfu ya vibanda, joto la kuchemsha ubongo, na mke mwenye pesa mkononi isiyokuwa na kazi. Bahasha ingekuwa mbili, nadhani sehemu kubwa ya pesa ile ingerudi Dar. Alinunua suruali za jinzi 18 kwa baht 230 na jozi 14 za viatu kwa 190. Baht 6,800. Zikabaki 500.

Kilo zake: 19 na nukta nne.

Usiku wa Jumamosi chumba kiligeuka ghala. Walitupa maboksi ya viatu, wakachomoa henga na karatasi za nailoni kwenye kila gauni, viatu vikajazwa soksi za watoto. Walipunguza kilo nne. Kilo 15 zilikuwa bado zimezidi. Begi la ziada kwenye ndege lilikuwa dola 180. Katika vichochoro vya Pratunam wapo maajenti wa kago wanaopeleka mizigo Afrika, na mmoja aliwatajia baht 350 kwa kilo, yaani baht 5,250, nafuu kidogo kuliko begi. Pesa haikuwepo. Mume akaenda kwenye mashine na kadi ya mshahara wake, ambapo wakati ule kila kutoa pesa kwa kadi ya kigeni kulikatwa baht 220 kabla benki ya kwenu haijakata yake.

Hesabu ya mwisho sasa. Nimeirahisisha, tozo ndogondogo nimeziacha, na viza sijaitia. Gauni la baht 180 ni shilingi 14,040. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizoshonwa ni asilimia 35 tangu Julai 2022, juu yake VAT ya asilimia 18. Gauni linafika shilingi 22,366. Dukani linauzwa 35,000. Yakiisha yote kwa bei kamili, jambo ambalo mwenye duka yeyote anajua halitokei, magauni 250 yanaacha kama milioni 3.16.

Upande wa pili, tiketi milioni 4. Kuishi Bangkok kuliwagharimu baht 11,700 zikigawanyika hivi: kulala 5,400, kula 3,300, viingilio 2,000, nauli 1,000. Hiyo ni kama laki tisa na elfu kumi na tatu. Jumla milioni 4.91. Mzigo umelipa karibu theluthi mbili ya safari, na wao wamelipa milioni moja na laki saba na nusu kwa usiku sita wa watu wawili Bangkok. Mume akiambiwa hivyo anatabasamu. Mke anakunja uso. Namba ni moja, ila mmoja alikwenda likizo na mwingine alikwenda kazini.

Zile jinzi? Moja ni shilingi 17,940. Na kodi, 28,578. Na kago ya gramu 650, imefika 46,323. Sinza inauzwa 45,000. Viatu vilitoka sare.

Nilimwambia mume kwamba kama kusudio ni biashara tupu, aendapo mke peke yake mambo hayawi mazuri zaidi, na hilo lilimshangaza. Abiria mmoja ana kilo 46. Ukitoa mabegi na zawadi, anabeba magauni 125 hivi, nusu ya yale. Tiketi ya mume ilikuwa imenunua nusu ya mzigo. Kwa hiyo maneno ya mke kwamba "wewe ulikuja kutalii kwa mtaji wangu" nayakataa. Mume mwenyewe ndiye aliyekuwa kago.

Na hapo ndipo mke alipochukua kalamu yangu. Milioni 4 kwa kilo 75, akasema, ni zaidi ya elfu 53 kwa kilo. Ajenti wa Pratunam alichukua baht 350, yaani 27,300. Kila kilo ya magauni baada ya kodi inaacha elfu 42. Alitoa simu akanionyesha: maduka matatu ya Platinum, yote yako kwenye LINE, programu ya ujumbe kama WhatsApp, yameshamtumia picha za toleo jipya. Nyonga ameshawaandikia, inchi 40 kwenda juu. Mzigo unaofuata, kilo 30, unakuja kwa kago bila mtu kupanda ndege.

Mume akauliza, na likizo ya Desemba je? Mke akamwambia apige hesabu ya Lushoto.